Kaa kwenye kidimbwi kimoja tu

Kuna kitu kinaniuma kila nikienda hifadhi ya pwani. Watu wanafika, wanapita juu ya genge, yaani ule ukingo mrefu wa mwamba juu ya bahari, haraka haraka bila hata kutupa jicho chini, wanashuka kwenye miamba maji yakiwa yametoka, halafu ndani ya dakika ishirini wameshazunguka vidimbwi thelathini vya maji ya bahari yaliyobaki miambani, wamepiga selfi, wamegeuza mawe matatu manne na wanaondoka wakisema pale hakuna kitu, ni maji na mwani tu. Jamani, hamkuona kitu kwa sababu hamkukaa.

Mimi naona hivi: chagua kidimbwi kimoja, kikiwa saizi ya beseni la kufulia kinatosha kabisa, na ukae hapo saa nzima. Saa nzima kweli, simu mfukoni.

Lakini safari inaanzia juu, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Ile njia ya juu ya genge siyo ya kuipita tu ili ufike chini, ndiyo inakusomea bahari kabla hujaikanyaga. Ukiwa juu unaona miamba ipi imeshatoka majini, mawimbi yanavunjikia wapi, na muhimu kuliko yote unaona ile mifereji ya nyuma ambayo maji yakianza kujaa inajaa ya kwanza na kukufungia upande wa bahari bila wewe kujua. Mi huwa nasimama mara mbili tatu naangalia tu. Na nasimama mbali na ukingo, maana genge la pwani linaliwa na mawimbi kwa chini huku mvua inapenya kwenye nyufa kwa juu, kwa hiyo pale unapoona udongo mzima wenye nyasi panaweza kuwa pamening'inia hewani. Vile vimea vifupi vya pembeni vinasaidia kushika udongo, ukikata kona ukavikanyaga, na mwingine akaja nyuma yako akafuata unyayo wako, mvua ya msimu mmoja tu inatosha kuufanya ule unyayo mtaro.

Saa ya kwenda nayo siyo ya kubahatisha. Angalia jedwali la maji kupwa na kujaa, nenda siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hapo jua na mwezi vinavuta pamoja na maji yanatoka mbali zaidi. Siku za maji mafu, yaani yanapotoka kidogo tu, utaona miamba ya juu tu. Shuka kama saa moja au moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kutoka, uwe unayafuata yanavyorudi nyuma, na yakianza kugeuka na wewe geuka. Usiipe bahari mgongo hata siku moja.

Haya, umekaa. Kaa upande ambao kivuli chako hakiangukii majini, kwa sababu kwa viumbe wa mle kivuli cha ghafla ni ndege amekuja kula. Dakika kumi za kwanza kweli huoni kitu. Halafu kombe moja linaanza kutembea, kumbe ni kaa yule anayeishi kwenye kombe la konokono aliyekufa. Halafu kipande cha mchanga kinaruka, kumbe samaki, mdogo kama kidole. Baadhi ya hawa samaki wadogo wa vidimbwini ukiwahamisha wanaweza kurudi kwenye kidimbwi chao wenyewe kwa kufuata harufu, yaani wana nyumbani.

Na wenye nyumbani siyo hao tu. Tafuta yule konokono mwenye gamba lililosimama kama paa la msonge, anayegandana na mwamba utadhani amepigwa msumari. Maji yakimfunika anatambaa kukwangua mwani, na kabla hayajatoka wengi wao wanarudi pale pale walipotoka, kwenye alama ambayo gamba lake na jiwe vimesagana mpaka vikalingana, hivyo anabakiza unyevu wake ndani jua likiwaka. Meno yake, mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza waliyapima wakakuta ni imara kushinda kitu chochote kutoka kwa kiumbe hai kilichokuwa kimeshapimwa, hata uzi wa buibui. Sasa mtu anamng'oa kwa kisu kuangalia chini yake kuna nini, na anamwacha pengine. Alama yake haipo tena, jua linamkausha.

Kuna anemoni pia, yule mnyama anayefanana na ua. Wengi wanapenda kumtia kidole ili ajifunge, wanaona raha. Nikwambie kisa kimoja. Mwaka 1828 Sir John Dalyell, mtafiti wa viumbe wa Scotland, alimchukua anemoni mmoja kutoka pwani ya North Berwick akamweka kwenye chupa ya kioo, akawa anambadilishia maji ya bahari. Dalyell alikufa 1851. Anemoni akaendelea kutunzwa na watu wengine waliopokezana, wakamwita Granny, yaani Bibi, na akafa 1887. Miaka 59 kwenye chupa! Kwa hiyo huyo unayemtia kidole sidhani kama una uhakika ni mdogo kwako kiumri.

Halafu kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye watu wanamnyofoa kwenye mwamba ili wapige naye picha. Ana vijiguu vidogo vingi vinavyoshika jiwe, ukimvuta kwa nguvu vinakatika. Na kumtoa yeye siyo kumtoa mmoja tu. Mwanasayansi Robert Paine mwaka 1963 alianza kuwaondoa viti vya pweza kwenye kipande cha mwamba pale Makah Bay, jimbo la Washington, Marekani, akawa anawatupa baharini, na kipande cha jirani akakiacha kama kilivyo. Kome, wale wa makombe mawili wanaogandana na mwamba, waliokuwa wanaliwa na viti vya pweza wakaanza kutawala nafasi yote, na katika ripoti yake ya 1966 aina 15 za viumbe alizokuwa anazihesabu zilikuwa zimebaki 8. Mla nyama mmoja ndiye alikuwa anawapa wengine nafasi. Na pwani hiyo hiyo ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kuanzia 2013 viti vya pweza walikufa kwa mabilioni kwa ugonjwa uliowayeyusha mikono, bakteria wake wametajwa 2025 tu. Ndiyo maana sielewi mtu mzima anapobisha na mlinzi wa hifadhi eti “mmoja tu”.

Makombe matupu hayo ndiyo yananigombanisha na watu hata ninaowapenda, kwa sababu wanasema si yamekufa, kuna ubaya gani kuokota. Yule kaa niliyemtaja hatengenezi gamba lake mwenyewe, na anavyokua inabidi ahamie kombe kubwa zaidi. Kombe zuri likipatikana wakati mwingine kaa wanapanga foleni kwa ukubwa, mkubwa anaingia jipya, anayemfuata anaingia alilotoka yeye, hivyo hivyo mpaka mdogo wa mwisho. Ukibeba kombe moja zuri foleni yote inabaki ilipokuwa, na zuri ndilo unalobeba, hakuna anayeokota lililovunjika.

Kugeuza jiwe sikatazi kabisa, kama hifadhi inaruhusu, ila lirudishe lilivyokuwa, upande ule ule. Chini yake kuna wanaoishi gizani na unyevuni, ukiliacha limelala kichalichali umewaanika.

Bamvua inarudi kila baada ya wiki mbili hivi, na kwa sehemu moja maji huwa yanatoka karibu saa zile zile, kwa hiyo ni rahisi kurudi. Mi huwa narudi kidimbwi kile kile. Nina konokono wangu mmoja wa paa la msonge, mwenye doa jeupe ubavuni, safari nne sasa namkuta kwenye alama yake, amegeukia upande ule ule.