Eti mji huu ulijengwa na familia moja

Juzi kwenye harusi ya watu wetu hapa Chicago nilikaa meza moja na mjomba wa bwana harusi, mzee wa siku nyingi mji huu, na pilau ikishaisha mnajua wenyewe mazungumzo yanaelekea wapi. Akaanza: jamani mji huu umejengwa na Daley baba na Daley mtoto, hawa wa sasa kelele tu, na hata kule kwetu tungepata familia mbili tatu za namna ile tungekuwa mbali sana. Meza nzima wanaitikia. Mimi kwa adabu niliyolelewa nikasema "ni kweli mjomba" nikanyamaza, ila moyo unachemka, na ndo maana leo nawasumbua nyie. Kilichonimaliza ni kwamba hajafika mwisho wa hotuba simu yake ikalia, muda wa paking unaisha, mzee wa watu akavaa miwani akaanza kubonyeza kuongeza dola.

Dola za nani mjomba? Tutafika huko.

Daley baba, Richard J., alikamata umeya 1955 akautoka 1976, na hakutoka kwa kura, alitolewa na kifo. Daley mtoto, Richard M., akaingia 1989 akakaa mpaka 2011 alipoamua mwenyewe kupumzika. Piga hesabu, ndani ya miaka 56 baba na mwana wana karibu 43, na nyumbani kwao ni Bridgeport, kata ya 11.

Nakubali, kwa shingo upande, mzee alijenga. Uwanja wa ndege wa O'Hare ulivyokuwa mkubwa, zile barabara kuu, chuo kikuu cha umma karibu na katikati ya mji, vyote vina mkono wake. Ila na Robert Taylor Homes zina mkono wake, maghorofa 28 yamepangwa mstari, maskini weusi wakarundikwa humo halafu barabara kuu ikapita pembeni kama ukuta, na mwanae akaja kuyabomoa, la mwisho lilianguka 2007. Baba anajenga mtoto anabomoa, na wote wawili wanapigiwa makofi! Na 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa na mitaa kuwaka moto, ni mzee huyu aliyetangaza kwamba polisi walipaswa kuwapiga risasi za kuua wachoma moto. Mjomba hiyo hakuitaja, labda pilau ilimkaba.

Sasa mtaniambia mtoto hakurithishwa, alipigiwa kura. Kweli. Tena 1983 aligombea akashindwa, Harold Washington akawa meya wa kwanza mweusi, na kama Washington asingefariki ofisini 1987 sijui kama leo tungekuwa tunaongelea Daley wa pili. Nimekubali, tuendelee. Lakini kura ile jina lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi kabla kampeni haijaanza. Mzee alikuwa meya na papo hapo mwenyekiti wa chama cha Democrat wa kaunti nzima, ajira za mji alizigawa kupitia wajumbe wa mitaa, ukileta kura kijana wako anapata kazi ya kuzoa theluji. Alipoulizwa kwanini biashara ya bima ya serikali imeenda kwenye kampuni alikofanya kazi mmoja wa wanawe alikasirika hadharani, kwamba baba asipowasaidia wanawe ni baba gani. Angalau yule hakuficha! Enzi za mtoto mahakama zilikuwa zimeshapiga marufuku ajira za kisiasa, kwa hiyo ikabidi ifanyike chini ya meza, na 2006 msaidizi wake alikutwa na hatia ya kupika usaili.

Ila hasira yangu haiko hapo. Hasira yangu ni mita.

Desemba 2008 Daley mtoto, bajeti imetoboka, akaleta kwa madiwani mkataba wa kukodisha mita za paking za mji mzima, kama 36,000, kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15 cash mkononi. Miaka sabini na tano! Unaisha 2083. Mkataba umetangazwa, siku mbili baadae ukapigiwa kura, ukapita 40 kwa 5. Nyie mmeshawahi kununua pikipiki kwa siku mbili? Mangi wa mtaani kwetu hakupangishi fremu bila kukuzungusha wiki nzima, na hawa wanauza barabara. Mwaka uliofuata mkaguzi wa mji akatoa ripoti kwamba mji umepunjwa karibu dola milioni 974. Paking ya mitaani iliyokuwa senti 25 kwa saa ikaruka mpaka dola, baadae 2, na mjini kati ikafika 6.50. Hela yenyewe Daley mtoto alipoondoka 2011 ilikuwa imeshaliwa karibu yote. Wawekezaji waliochukua mkataba, wakiongozwa na benki ya Morgan Stanley, na ndani alikuwemo mfuko wa serikali ya Abu Dhabi, mtaji wao umesharudi zamani na mkataba bado una zaidi ya nusu karne ya kuvunwa. Tena mji ukifunga barabara kwa sherehe au ukarabati, mji unawalipa fidia wenye mkataba. Barabara ni yako, ukiifagia unalipa!

Na hapa ndo pointi yangu mjomba, ingawa pale mezani sikuisema. Sio kwamba mtoto alikuwa mjinga, hapana. Ni kwamba wale madiwani 40 walishasahau namna ya kusema hapana. Kiti cha diwani kikibaki wazi meya ndo anateua, na yeye aliteua wengi, na wengine wamekulia kwenye chama kilekile cha baba yake. Familia ikikaa sana madarakani inaua wanaouliza, sio kwa risasi, kwa mazoea tu. Machi 2003 alipeleka mabuldoza usiku wa manane yakachimba alama kubwa za X kwenye njia ya kurukia ya uwanja mdogo wa ndege wa Meigs Field, ndege zikiwa bado zimepaki pale, asubuhi watu wameamka uwanja haupo. Nani alimfanya nini? Tena sasa hivi ni bustani, nzuri kweli, wanangu wanaipenda, na hilo linaniudhi zaidi.

Na msiniletee habari za Obama. Ndiyo, Michelle alifanya kazi ofisini kwa Daley mtoto, na William Daley, mdogo wake meya, akawa mkuu wa watumishi Ikulu 2011. Hilo linanisaidia mimi, sio nyie.

Huyo William aligombea umeya 2019, akawa wa tatu, raundi ya pili hakuingia. Mjukuu wa mzee alikuwa diwani wa kata hiyohiyo ya 11, na 2022 akakutwa na hatia ya kudanganya kwenye kodi, akapewa miezi 4 jela. Nikasema hatimaye! Aliyeteuliwa kushika kiti, na 2023 akakishinda kwa kura, ni Nicole Lee, diwani wa kwanza wa asili ya Kichina mji huu, nikafurahi kweli, mpaka nilipoangalia baba yake ni nani. Alikuwa msaidizi wa meya Daley. Yule mtoto.