Hatifungani ya Maji Tanga: Kijani Chake Kiko Amani

Februari 2024, Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilikuwa mamlaka ya kwanza ya maji nchini kuuza hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayofaa mazingira. Ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walivuka lengo, na Mei ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Mji unapanuka kuelekea Pongwe, pembezoni, na kungoja fungu la bajeti ni kungoja miaka. Fedha hizi zimekusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku na kubadili mabomba chakavu. Tena deni ni la shilingi. Dola ikipanda, mzigo haupandi nayo. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Wenye wasiwasi nao nawaelewa. Kabla hata mtaji haujaguswa, riba pekee inapita bilioni 7 kwa mwaka, na chanzo kikuu cha mapato ya mamlaka ni ankara zetu. Mama wa mtaa wa Makorora anayenunua ndoo kwa jirani hakununua hatifungani, lakini bei ikipanda itamfikia, pengine kwa ukali kuliko mwenye bomba lake. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha bei, kweli, ila mwenye kudai riba hangoji. Kwangu, kinga ya mama huyu ni kuziba mivujo kwanza: maji yanayopotea njiani yakiuzwa, yatalipa sehemu ya deni bila kumgusa mama huyu.

Kinachonikera ni mjadala kuishia kwenye mabomba. Maji yetu ni ya mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Kule Sakale, kijiji cha milima hiyo, wachimbaji wadogo wa dhahabu walishawahi kuuvamia msitu. Udongo ukishuka, unajaza bwawa la Mabayani, tunakochota maji. Maji yakiwa tope, dawa za kuyasafisha huongezeka na gharama hupanda. Wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi mazingira, wanaotunza kingo za Zigi wanafanya kazi ambayo hakuna mtambo unaoweza kuifanya.

Kwa hiyo naunga mkono kukopa, kwa sharti moja: taarifa za hatifungani zionyeshe kando kiasi kinachopanda mlimani kulinda chanzo. Kiasi hicho kikiwa sifuri, basi tumekopa kununua mabomba ya kusafirisha tope.