Soseji Moja, Sheria Hamsini

Jamani, mimi sina ugomvi na soseji. Soseji haijanikosea. Ugomvi wangu ni na hawa Wamarekani, watu waliopeleka mtu mwezini mwaka 1969, halafu mpaka leo wameshindwa kukubaliana soseji ikishaingia kwenye mkate, wenyewe wanaita hotdogi, itiwe nini juu yake. Ukivuka mpaka wa jimbo, sheria zimebadilika. Ulichosifiwa jana, leo unachekwa nacho.

Na mimi ni dereva wa lori, kuvuka mipaka ndiyo kazi inayonilisha. Tela langu lina futi 53, kwa hiyo msidhani nasimama tu popote penye harufu nzuri. Sheria ya barabara inasema nikishaendesha kwa muda wa saa 8 lazima nipumzike dakika 30. Basi naegesha kwenye kiwanja cha malori, napiga mguu hadi kibandani, nafika nahema, tumbo linanguruma kuliko injini. Hapo ndipo muuza hotdogi anapoanza kunisomesha.

Chicago ndio viranja. Kuanza tulianza vizuri, maana soseji yao ni ng'ombe mtupu, na mimi mtoto wa Tanga nguruwe sigusi. Jamaa akachukua mkate laini wa mvuke, wenye vijipunje vyeusi mgongoni, akalaza soseji, akapiga haradali ya njano mstari mmoja bila kukata. Akafuatisha achari tamu ya matango, ukijani wake unang'aa mpaka unajiuliza kama imetiwa betri. Vitunguu vya kukatakata. Nyanya akazipanga ubavu mmoja, ubavu wa pili akalaza tango la siki lenye urefu sawasawa na soseji yenyewe. Pilipili ndogo za siki, mbili. Mwisho akanyunyiza chumvi yenye seleri kwa vidole vitatu, taratibu, macho kayafinya. Nikasema moyoni, hii si ni kachumbari iliyopata bahati ya soseji? Nikamwomba kwa adabu zote, "Kaka, nisaidie na tomato sosi kidogo."

Koleo likaganda hewani.

"Una miaka mingapi?"

Mimi! Mtu mwenye wajukuu, mwenye ndevu nyeupe, naulizwa umri kwa sababu ya tomato sosi. Foleni nyuma yangu imenyamaza kimya. Mama mmoja ananitikisia kichwa kwa huruma, na mwanawe ananichungulia nyuma ya sketi, mdomo wote mwekundu wa kechapu. Yeye karuhusiwa!

Sasa mnieleweshe. Nyanya si zimo humo humo? Nimeziona kwa macho yangu zikipangwa. Nyanya mbichi halali, nyanya iliyopikwa haramu. Hiyo fatwa katoa nani?

Kumbe mwenye kuitoa yupo. Hawa watu wana Baraza la Taifa la Hotdogi na Soseji, msicheke, na baraza hilo limetoa mwongozo wa adabu. Ukishavuka miaka 18, kechapu kwenye hotdogi marufuku. Hotdogi ya kawaida uimalize kwa kung'ata mara 5, isizidi. Ikiwa ile ndefu ya futi moja unaongezewa hadi 7. Uma na kisu, hapana. Vya majimaji vitangulie, vya vipandevipande vifuate, halafu jibini, viungo viwe mwisho. Mtihani wangu wa leseni ya lori ulikuwa mwepesi kuliko huu. Na mwenye njaa anahesabuje alivyong'ata?

Nikasema nitakata rufaa kwa mtu wetu. Obama, yule aliyekuwa rais wao, si damu ya Kogelo, Kenya, kijijini kwa baba yake? Tena ni mtu wa Chicago, anawajua vizuri, atatutetea. Weee! Mwaka 2016, alipokaa kula na Anthony Bourdain, mpishi wa vipindi vya televisheni, kule Hanoi, Vietnam, alisema kechapu kwenye hotdogi mwisho miaka 8. Baraza limesema 18, yeye kaondoa kumi nzima! Nimekwenda kukata rufaa, adhabu ikaongezwa.

Mwenzangu ninayepokezana naye usukani ni Mkongo wa Bukavu, mimi namwita Papaa. Nilipomsimulia akashika tama. "Banakunyima tomate, mzee? Kwetu tomate haiulizake mutu miaka yake." Na si Bukavu tu. Nenda Nairobi, mwenye toroli la smokie, soseji yao ya moshi, anaipasua kwa urefu, anashindilia kachumbari mpaka inamwagika, anakusogezea chupa ya pilipili na ya tomato sosi, ujiminyie mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa hataki. Anachotaka ni M-Pesa iingie, basi.

Detroit nako nikawahiwa na dakika zangu kabla sijatia kitu mdomoni. Pale mjini kuna migahawa miwili imeshikana ukuta, American na Lafayette. Gust Keros, Mgiriki, alifungua wa kwanza mwaka 1917, wa jirani ukawa wa ndugu yake. Wote wanauza kitu kile kile: soseji, sosi ya nyama ya kusaga isiyo na maharage, haradali na vitunguu vibichi. Ila watu wa Detroit wamegawana, Simba na Yanga kabisa, na mwanamke aliyeolewa akitokea upande wa pili anapimwa imani kila Krismasi. Mimi nikamuuliza mzee mmoja mlangoni, kwa wema tu, "Wapi pazuri?" Alinijibu mpaka muda wangu ukaisha. Nikarudi kwenye lori na historia ya ukoo mzima, tumbo tupu.

Cincinnati sasa. Ukifungua tu mlango pua inakwambia kuna harusi. Mdalasini! Wamakedonia wawili, ndugu wa ukoo wa Kiradjieff, walianzisha mambo hayo mwaka 1922: nyama ya kusaga inapikwa na viungo, mdalasini ukiwemo, inamiminwa juu ya kisoseji kidogo, kisha jibini ya njano iliyokunwa inarundikwa juu mpaka soseji huioni, itabidi uitafute. Pale tulipoingia sisi soseji ilikuwa na mchanganyiko wa nguruwe, kwa hiyo nikaletewa sosi hiyo hiyo juu ya tambi. Tambi, jamani. Mimi tambi nazijua za Ramadhani, za sukari na iliki na tui la nazi. Leo nazikuta zimevaa nyama, mdalasini na kilima cha jibini. Nilikula, sisemi sikula. Lakini ulimi wangu ulikuwa unauliza kama hili ni pilau, futari, au ni ajali. Papaa ndiye aliyekula soseji, tena nyingi, na kila akiimaliza moja ananipa pole.

Habari hii ya nguruwe nayo ina vituko vyake. Kule Washington kuna Ben's Chili Bowl, iliyofunguliwa mwaka 1958 na Ben Ali, Mwislamu aliyetoka Trinidad. Soseji yake iliyompa jina inaitwa half-smoke, nusu ng'ombe nusu nguruwe. Mwenyewe alikuwa haili! Marais wamekula, Obama kala, mwenye duka hajaonja. Huyo namwelewa, na ndiye mfanyabiashara pekee katika habari hizi ambaye ningependa kukaa naye kwenye baraza tunywe kahawa.

Kilichonimaliza ni Tucson, Arizona. Huko wanapika hotdogi ya Sonora, iliyotoka ng'ambo ya mpaka, Mexico. Nikauliza, soseji ni ya nini? Ng'ombe. Nikashukuru Mungu, nikaketi. Ikaja. Soseji ya ng'ombe kweli, ila wameizungushia bekoni kuanzia kichwani hadi miguuni. Ng'ombe kavishwa nguruwe! Sasa huo ni utu? Nilimwomba mama muuzaji anitengenezee bila soseji, akanitazama kwa uchungu, lakini akanifungia: mkate mnono uliotobolewa juu tu, maharage, nyanya, vitunguu, mayonezi, pilipili ya kijani. Yaani nimesafiri mpaka jangwani Marekani nikala mkate kwa maharage, chakula nilichokimbia bweni.

Na mama yule hakuniuliza umri, wala hakuwa na mwongozo ukutani. Hilo nalisema kwa haki yake.

Mzigo unaofuata ni wa Seattle. Nimeshapata habari kuwa kule hotdogi inapakwa jibini laini, ile nyeupe ya kupaka, na vitunguu vya kukaanga juu. Papaa kaniuliza tangu jana, "Mzee, kule tomate iko?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Vile vipakti vya kechapu vinavyotolewa bure kwenye vituo vya mafuta nimejaza droo nzima. Tutanunua hotdogi zetu kwa heshima, tutaitikia kila tutakachoambiwa, tutazibeba mpaka kwenye lori, tutashusha mapazia, tutafunga milango.