Jeni za Wachache: Nani Atoe Idhini?

Mnamo mwaka 1775 hivi, kimbunga kilikumba kisiwa cha Pingelap, Mikronesia, wakasalia watu wapatao 20. Inaaminika mmoja wao alibeba jeni yenye hitilafu, maana leo kati ya asilimia 5 na 10 ya wakazi hawaoni rangi kabisa. Juani hukunja macho kwa maumivu. Giza likiingia ndipo wanapopata nafuu.

Wengi hukimbilia kusema ni matokeo ya ndugu kuoana. Si kosa, ila kilichotangulia ni bahati: nani alinusurika. Bahati hiyohiyo hupunguza pia baadhi ya magonjwa. Ufini ina magonjwa ya kurithi zaidi ya 30 ambayo kwingine ni nadra, ilhali sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu ulioenea Ulaya, kwao huonekana kwa shida.

Kwa watafiti, jamii za namna hii ni hazina, kwani watu wakifanana sana kijeni, tofauti inayoleta ugonjwa hujitokeza haraka. Familia za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, zilizoandamwa na Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, zilitoa damu yao. Mwaka 1983 alama ya kuonyesha jeni ilipo ikapatikana, na 1993 jeni yenyewe. Leo mtu anaweza kupimwa kabla dalili hazijaanza. Faida hiyo siwezi kuibeza. Lakini tiba haijapatikana, na wengi wa waliotoa damu wamebaki maskini vilevile.

Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, nao walitoa damu miaka ya 1990 wakijua kinachochunguzwa ni kisukari. Baadaye wakagundua imetumika pia kutafiti skizofrenia, ugonjwa wa akili, na mahali mababu zao walikotokea, jambo lililogongana na masimulizi yao ya asili. Mwaka 2010 chuo kikuu husika kilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli.

Wapo wanaoona dawa ni fomu ya idhini iliyoandikwa vizuri. Mimi naona haitoshi. Huko Aisilandi, mwanamke mmoja alipinga taarifa za marehemu baba yake kuingizwa kwenye hifadhidata ya afya ya taifa, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikampa haki: taarifa za baba zingeweza kumfichua yeye. Palipo na watu wachache, sahihi ya mmoja huwasemea binamu wote.

Basi baraza la jamii liulizwe kwanza? Ndiyo, hasa utafiti unapogusa asili na jina la jamii nzima. Ila wazee wasipewe turufu juu ya mgonjwa anayetaka ugonjwa wake uchunguzwe. Hapo aamue mwenyewe, hata kama ndugu zake watajulikana kidogo.