Homa ya uti wa mgongo bwenini: mzazi wa Tanga aambiwe nini?

Jina lenyewe linatuponza. Mtajie mzazi wa Ngamiani homa ya uti wa mgongo, mkono wake utakwenda kiunoni. Kumbe ugonjwa huu hushambulia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na dalili zake ziko juu: homa kali, kichwa kuuma kupita kawaida, shingo kukakamaa, kutapika, macho kuukwepa mwanga, kuweweseka. Huku mwambao, homa na kichwa ni malaria kwanza, na mtoto akitetemeka ni degedege. Saa zinapita hivyo hivyo. Ukiletwa na bakteria, huua haraka, na kati ya wanaopona, mmoja katika watano hubaki na athari kama uziwi.

Wapo wanaotaka wanafunzi wa bweni na wazazi wao wahamasishwe kuhusu chanjo ya meningokoka, mmoja wa bakteria wanaoleta homa hii. Wana hoja. Bakteria huyu hukaa kooni mwa watu wenye afya kabisa, akahama kwa mate na chafya, na bweni ni vitanda vilivyobanana na kikombe kimoja cha watu wanne. Uingereza huwachanja vijana dhidi ya aina zake za A, C, W na Y tangu 2015. Wala Tanga chanjo hiyo si ngeni: kila anayekwenda Hija huipata, kwa sharti la Saudi Arabia, siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Babu amekingwa, mjukuu aliye bwenini hajawahi hata kutajiwa.

Wanaopinga wanasema chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini. Mzazi atatoa mfukoni, naye bado anahangaika na godoro na tranka. Tena chanjo ya Hija haizuii aina B, wala nimokoka, bakteria mwingine wa homa hii. Ukimtia mtu hofu ya kitu asichokimudu, umemsaidia nini?

Swali hilo linanigusa, ila halinipeleki kwenye kunyamaza. Kinga nyingine ni ya bure na mama anayo kwenye kadi ya kliniki bila kujua: chanjo ya pentavalenti, iliyoanza nchini 2009, huzuia Hib, bakteria wa tatu wa homa hii, na chanjo ya nimonia, iliyofuata 2013, huzuia nimokoka. Zote hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na zote hupunguza homa hii. Aliyezaliwa 2008 alizikosa uchangani. Mzazi wake ana haki ya kulijua hilo, na kuijua chanjo ya kulipia pamoja na mipaka yake, kisha aamue mwenyewe.

Lakini kikao cha wazazi kikinipa dakika tano tu, nitazitumia kwa matroni na patroni. Mwanafunzi mwenye homa anayeshindwa kuinamisha kidevu kifuani apelekwe hospitali ya Bombo usiku huohuo, nauli iwe imeshatengwa, bila kungoja ruhusa ya mwalimu wa zamu.