Megabiti 406 zilizopotea nyumbani kwangu

Siku tuliyopandishiwa kasi ya intaneti niliamka mapema kama mtoto anayesubiri nguo za sikukuu. Kwa miaka tulikuwa na kifurushi cha megabiti 50 kwa sekunde, na sasa kampuni ilikuwa imetuma ujumbe kwamba kuanzia siku hiyo tuna 500. Mara kumi! Niliwakusanya watu wa nyumbani sebuleni, nikawapa hotuba fupi kuhusu maisha mapya, halafu nikajifungia chumba changu cha kazi na kufungua ukurasa wa kupimia kasi.

Mshale ukapanda. 50. 70. 90. Ukafika 94, ukasimama hapo. Nikausogezea uso, nikaanza kuuhimiza kimoyomoyo kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, twende, twende. Wapi. 94.

"Imekuwaje?" mke wangu akauliza mlangoni.

"Inanyoosha misuli," nikamjibu.

Mara ya pili ikaja 94. Mara ya tatu 93.9, na hiyo nikaihesabu kuwa dharau.

Nikasema labda ukurasa wenyewe ni mwongo, ngoja nipakue faili kubwa nione kwa macho yangu. Kidirisha kikaandika 11 kwa sekunde. Nikatoka mbio nimeshika kichwa: "Tumelipia 500, wametupa 11!" Binti yangu alikuwa kwenye kochi anasoma. Hakuinua hata jicho. "Baba, hizo ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Zidisha kwa nane." Nikarudi chumbani, nikafunga mlango ili nisionekane nikitumia kikokotoo. Kumi na moja na ushee mara nane, 94. Hesabu ilikubali, moyo ukagoma.

500 toa 94 ni 406. Tangu dakika ile nilikuwa mtu aliyeibiwa megabiti 406, na nilikuwa na nia ya kumpata mwizi.

Kwanza niwaeleze kitu kimoja kuhusu mimi. Mimi si mtu wa waifai. Mimi ni mtu wa waya. Watoto wangu wamekua wakinisikia nikisema kwamba waifai ni uvumi na waya ni ushahidi. Ruta yetu iko sebuleni, na kutoka hapo unakuja waya mmoja mrefu, kama mita 20, umepita juu ya fremu za milango hadi kwenye kompyuta yangu. Waya huo niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe miaka kadhaa nyuma. Niliazima koleo la kubania, nikakaa sakafuni jioni nzima. Kama hujawahi kufungua waya wa mtandao, ndani yake mna nyuzi nane nyembamba zilizosokotwa mbilimbili: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Zote nane unatakiwa uzinyooshe, uzipange kwa zamu, uzikate sawasawa, kisha uzisukume pamoja ndani ya kichwa cha plastiki kilicho kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukizipanga vizuri, moja inaruka. Ukiirudisha, mbili zinapishana. Za kahawia zilinisumbua kuliko zote, lakini tuliyamaliza. Nikabana ncha zote mbili, nikachomeka, intaneti ikaja. Sijawahi kujenga nyumba, ila najua wajenzi wanavyojisikia.

Turudi kwenye wizi. Nilichukua daftari na kuanza kuandika kila kipimo. Ninalo mpaka leo, na ukurasa wa pili unasomeka hivi:

Saa 1 asubuhi: 94. Saa 4, mke yuko kazini: 94. Saa 8 mchana, jua kali: 94. Saa 8 na robo, wingu: 94. Saa 2 usiku, runinga imezimwa: 94. Saa 9 usiku, majirani wamelala: 94.

Mtu mwenye akili timamu angeuangalia ukurasa huo na kujiuliza mbona namba haitingishiki hata kidogo. Mtandao wenye msongamano hupanda na kushuka, haukai kama msumari. Mimi niliandika pembeni, nikapigia mstari: *majirani hawajalala.*

Mshukiwa wa kwanza akawa maikrowevu. Nilikuwa nimesoma kwamba maikrowevu inafanya kazi kwenye masafa ya karibu gigahezi 2.45, jirani kabisa na waifai ya 2.4, na kwamba ikiwashwa inaweza kuvuruga mawimbi. Kweli tupu. Nikaichomoa ukutani na kuubandika mlango wake karatasi: IKO CHINI YA UCHUNGUZI. Siku mbili familia ilikula viporo vya baridi. Kwamba kompyuta yangu haikuwa kwenye waifai, na kwamba maikrowevu haina ugomvi wowote na mtu aliye kwenye waya, hilo halikunijia kichwani. Mke wangu ndiye aliyelisema, na alilisema huku akitafuna wali wa jana. Nikamwambia uchunguzi hauingiliwi.

Ruta nayo ilipata taabu. Niliizima na kuiwasha hadi ikawa inachelewa kuwaka, kama mtu aliyechoka kuamshwa. Niliipandisha juu ya kabati, nikaishusha dirishani, usiku mmoja nikailaza chali. Nikakagua matundu yake ya nyuma kwa tochi. Tundu la runinga lilikuwa na taa ya kijani, tundu langu taa ya rangi ya chungwa. Nikafurahi. Nilidhani imenitambua kama mkuu wa nyumba.

Siku ya tatu nikawageukia watu. Nikabadilisha nywila ya waifai, nikatangaza kwamba mpaka uchunguzi uishe hakuna simu, runinga wala kitu chochote kitakachogusa mtandao isipokuwa kompyuta yangu. Wanangu walinitazama kama watu waliosikia habari ya msiba. Mke wangu akasema kwa upole, "Lakini baba watoto, simu yangu ilikuwa inakwenda vizuri tu. Hata jana video ilifunguka kabla sijaibonyeza."

"Simu ni ndogo," nikamwambia. "Inashiba haraka."

Sentensi hiyo imenukuliwa katika nyumba hii mara nyingi sana tangu siku ile, na sitaki kuizungumzia zaidi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Akaniuliza napimia kwa waya au kwa waifai. Nikamjibu kwa waya, nikasubiri anipongeze. Akauliza, "Umejaribu kubadilisha waya, kaka?" Nikamwambia waya hauna shida, nimeutengeneza mwenyewe. Kukawa na ukimya mfupi. Sasa hivi naelewa ukimya ule ulikuwa na nini ndani yake.

"Basi jaribu mwingine tu, kwa uhakika," akasema.

Bahati nzuri ninao wa akiba. Niliubana jioni ileile, sakafu ileile, kwa koleo lilelile la kuazima. Nikauchomeka. 94. Nikampigia tena dada nikiwa na ushindi kwenye sauti: nyaya mbili tofauti, jibu moja, kwa hiyo tatizo ni lenu. Leo najua nilikuwa nimeita mashahidi wawili waliozaliwa tumbo moja na kulelewa na mwongo mmoja.

Usiku nikawaandikia barua ya malalamiko, kurasa mbili. Sitaitoa yote hapa, nina wajukuu watakaokuja. Sentensi ya mwisho iliuliza: "Je, megabiti zangu 406 mmempa nani?" Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba vipimo vyao vinaonyesha 500 zinafika kwenye ruta, na kwamba watamtuma fundi.

Fundi akaja asubuhi ya siku ya tano. Kijana mwembamba, begi mgongoni, viatu akavivua mlangoni bila kuambiwa. Nikampokea na daftari. Nilikuwa nimejiandaa kumpitisha ukurasa kwa ukurasa.

"Shikamoo mzee. Unapata ngapi?"

"Marahaba. Tisini na nne."

Akatabasamu. "Tisini na nne? Haipandi wala haishuki?"

"Haitingishiki, kijana wangu. Kuna mtu ameishikilia."

"Namba hiyo naijua, mzee," akasema, na badala ya kufungua daftari langu akaenda moja kwa moja nyuma ya ruta, akainama, akaitazama ile taa yangu ya heshima. "Unaona hii ya chungwa? Kwenye ruta hii maana yake umeunganishwa kwa kasi ya 100. Kijani ndiyo 1000. Na mia ukitoa mzigo wa vifungashio vya data yenyewe, mkononi mwako inabaki kama 94. Hapo hata tukikuletea elfu tano utaona 94."

Akatoa kompyuta yake ndogo na waya mfupi wa kwake, akachomeka kwenye tundu lilelile langu. Taa ikageuka kijani. Mshale ukapita 94 bila hata kusalimia, ukaenda kusimama 487.

Nilitaka kusema kitu. Sikukipata.

"Huu waya unaokwenda chumbani, naomba niupime." Akatoa kifaa chenye vipande viwili, kimoja akachomeka upande wa sebuleni, kingine akanipa nikachomeke upande wangu kisha nikikazie macho. Kina taa ndogo nane, moja kwa kila uzi, zinawaka kwa zamu. Nikasimama chumbani kwangu nikizitazama. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Halafu giza. Halafu giza. Halafu moja.

"Mzee, saba na nane zinawaka?" akaita kutoka sebuleni.

"Ngoja nizisubiri," nikamwambia, na nikazisubiri kweli, mizunguko mitatu. Ndipo ile jioni ya sakafuni ikanirudia yote, pamoja na sehemu niliyokuwa nimeisahau kwa makusudi. Zile nyuzi za kahawia hazikukubali kuingia kwenye kichwa. Nilihangaika nazo, zikanipinda, zikanichoma kidole, nikapandwa na hasira nikachukua mkasi nikazikata. Nikachomeka hivyohivyo, na intaneti ikaja! Nikahitimisha kwamba kiwandani wanaweka nyuzi mbili za ziada endapo nyingine zikikatika. Kwenye waya wa akiba sikuhangaika hata kuzijaribu, nilizikata toka mwanzo, kitaalamu kabisa.

Fundi alikuwa amekwishakata kichwa cha upande wa sebuleni na kukigeuzageuza kwenye mwanga. Ndani ya plastiki zilionekana nyuzi sita zimejipanga, na pembeni nafasi mbili wazi, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Kwa kasi ya 100 zinatosha nne," akanieleza, na kwa kweli alikuwa mpole. "Chungwa mbili na kijani mbili. Ndiyo maana kifurushi chako cha 50 hakikuwahi kulalamika. Lakini gigabiti, yaani ile 1000, inazitaka zote nane. Hizi za kahawia si za akiba, mzee, angalau si tangu 1999 walipopitisha kiwango cha gigabiti kwenye nyaya hizi."

Sebule ilikuwa imejaa. Sijui walitoka wapi. Binti alikuwa ameegemea mlango, mdogo wake chini ya meza na simu mkononi. Nikaitazama ile simu. Ilikuwa inaonyesha katuni, safi, bila kukwama.

"Wewe nywila umeipata wapi?"

"Iko ukurasa wa kwanza wa daftari lako, baba."

Ikabainika kwamba nyumba nzima ilikuwa ikiogelea kwenye megabiti 400 na zaidi tangu siku ya kwanza. Binti alipakua masomo ya muhula mzima. Mama yao alizungumza na dada zake kwa video saa nzima usiku wa juzi, jikoni, nikiwa chumbani nimezima taa napima kama majirani wamelala. Mtu pekee katika nyumba hii aliyekosa zile 406 ni mimi, mtu wa waya.

Fundi akabana kichwa kipya. Alitumia muda mfupi kuliko niliotumia mimi kuandika anwani kwenye ile barua. Uzi wa saba ukaingia, wa nane ukaingia, koleo likalia *kwaa*. Akaenda chumbani akabana na upande wa pili, akapima, taa zote nane zikapita. Kwenye kompyuta yangu ikasoma 486. Nikasema labda tungeweza kutafuta ile moja iliyopungua, lakini mke wangu alinitazama nikaacha.

Wakati anafungasha vifaa vyake, fundi akakiokota kile kichwa cha zamani, akakitazama tena kwa masikitiko ya mtu wa kazi. "Samahani mzee, nani aliwafanyia hii?"

"Fundi mmoja hivi," nikasema. "Alishahama."

Mke wangu akakohoa.

"Akipita tena huku," kijana akasema akivaa viatu, "msimlipe."

"Wala hatumlipi, mwanangu," mke wangu akamjibu, akamfungulia mlango. "Tunamlisha tu."