Uchumi Ukifika Mwisho wa Reli

Sisi wa Kigoma ndio mwisho wa reli, na mimi naamini mifumo yote ya uchumi duniani huletwa huku kwa treni. Inapakiwa Dar es Salaam ikiwa bado inang'aa, inakokotwa kilomita zaidi ya 1,200, ikishuka stesheni hapa iko hoi. Mjerumani alitufikishia reli Februari 1914, Agosti ikaja vita. Hata kuanza hatukuanza vizuri.

Jana kijiweni Mwanga, mzee mmoja kashusha kikombe cha kahawa, kaanza: enzi za Azimio la Arusha, 1967, kila kitu kilikuwa chetu. Benki zetu, viwanda vyetu. Sawa babu, na sabuni ilikuwa ya nani? Maana mama yangu ameniambia walivyokuwa wakipanga foleni duka la ushirika, na unga wenyewe ule wa njano, unga wa yanga, umetoka Marekani. Yaani asubuhi tunawalaani mabepari, jioni tunasonga ugali wao! Halafu 1983 ukikutwa na katoni za sabuni uvunguni, wewe mhujumu uchumi. Leo ukikutwa nazo wewe mjasiriamali, unaitwa kwenye semina, unapewa na soda.

Kijana wa bodaboda akadakia: tumuige Mchina. Mchina yupi? Chama cha Kikomunisti ndicho kinachotawala, lakini tangu Deng Xiaoping aanze mageuzi 1978, jamaa wanatuuzia mpaka vitenge. Chaja yangu ya huko haichaji mpaka uibane kwa kidole gumba, upande wa kushoto, bila kupumua. Ndiyo ujamaa huo au ubepari? Fundi kasema ni feki tu.

Soko huria nalo tulishalionja. Mzee Mwinyi akasema ruksa, 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikaporomoka, madukani vitu vikajaa. Tukawa huru kabisa kuvitazama. Halafu 2025 Marekani haohao wakapandisha ushuru kwa nchi karibu zote, na Tanzania tukapangiwa asilimia 10. Waliotuhubiria wametoka kanisani, sisi bado tumepiga magoti.

Lakini linalonichoma mimi ni mawese. Michikichi imejaa huku, ukitupa kokwa dirishani linaota. Aprili 2022 Indonesia wakapiga marufuku kuuza mawese nje, na kesho yake jirani yangu, mama muuza mawese, kapandisha bei ya chupa. Nikamwambia, "Shangazi, chikichi umezichemsha hapo nyuma ya choo, Indonesia inaingiaje?"

"Soko la dunia limepanda, baba. Husikilizi redio?"

Asubuhi ile mawese yalikuwa yameganda. Anayachota kwa kijiko, anayagonga mdomoni mwa chupa, yanashuka kwa madaha yakiacha shimo kubwa katikati. Nikamwonyesha shimo.

"Hiyo ni hewa, baba. Hewa sikutozi."

Nikalipa. Mwezi uliofuata Indonesia wakaondoa marufuku. Nikabeba chupa yangu, nikaenda na hesabu ya bei ya zamani mkononi. Shangazi kanitajia bei ileile ya juu.

"Shangazi, si soko la dunia limefunguliwa? Redioni wametangaza!"

Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Redio iliisha betri, baba."